Shahada Mbili na Mahindi ya Kisanga

Siku niliyomwambia bibi kwamba nimechaguliwa chuo kikuu cha mapadri, alikuwa anapepeta mchele uani kwetu Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Hakusimamisha ungo. Alipepeta mpaka chuya zikaisha, ndipo akauliza, "Unakwenda kusomea nini huko?"

"Shahada ya uandishi wa habari, bibi."

"Shahada unayo," akasema. "Alikufundisha babu yako ukiwa huna hata meno ya mbele. Ukienda kutafuta ya pili kwa mapadri, angalia usije ukaiacha ile ya kwanza getini."

Nyumba nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Sisi ni Waislamu tangu mababu, wakulima wa mpunga na mahindi, na Wakristo tulionao katika ukoo ni wa familia ya mjomba mmoja tu, ambaye kila Krismasi sote tunahamia kwake kula. Mapadri tuliwafahamu, tuliwaheshimu, tulisalimiana nao sokoni. Kwenda kuishi kwao miaka mitatu lilikuwa jambo jingine.

Nilipofika huko nilikuta mambo ni mepesi kuliko hofu ya bibi. Hijabu yangu hakuna aliyeigusa. Kengele ya saa sita ilipolia, wenzangu walisimama kusali, na mimi nikajua wali unakaribia kuiva. Mwezi wa Ramadhani, sista aliyesimamia jiko alitutengea futari bila kuombwa na mtu: uji wa pilipili manga, tende, mihogo ya nazi. Alisimama mlangoni akituangalia tunavyokula kama mama anayeangalia vifaranga vyake, na asiyeonekana alimuulizia kwa jina.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa Jumamosi. Jumamosi asubuhi kila mtu alishika fagio, na wanaposema kila mtu wana maana ya kila mtu. Mkuu wa kitivo chetu, mwanamama mwenye shahada zisizohesabika, alipangiwa vyoo vya wavulana, na alivisugua huku akiimba. Wiki ya kwanza tulidhani ni maonyesho ya kutukaribisha. Mpaka tunahitimu alikuwa bado anasugua.

Halafu kulikuwa na padri aliyetufundisha maadili ya kazi yetu. Alikuja darasani kwa pikipiki, na kofia yake ngumu aliiweka juu ya dawati la mbele kama mwanafunzi wa ziada. Kila kazi uliyompelekea ilirudi na maneno mawili ya wino wa kijani: "Nani mwingine?" Basi na sisi tukambandika jina hilo hilo, Nani Mwingine, na nadhani alilijua.

Mara moja niliandika habari kali kuhusu shida ya maji bwenini. Nilihoji karibu bweni zima, nikajiona nimemaliza. Ikarudi: nani mwingine? Nikanung'unika wiki nzima, kisha nikateremka kilimani hadi kwa akina mama wanaoishi chini ya chuo, ambao bomba lao ni tawi la bomba letu. Wakaniambia siku tunazooga mara mbili sisi wasomi, wao hawapati hata ya kuinjikia ugali. Habari ile mpya sikuipenda hata kidogo, maana na mimi nilikuwemo ndani yake. Padri aliisoma, akaitikia kwa kichwa, akaniambia, "Sasa inasomeka."

Sikumbuki akituambia tuwe watu wema. Alitaka tu tuulize tena.

Nilipohitimu nilirudi Kilosa, nikapata kazi kwenye redio ndogo ya jamii. Bibi alinikagua kama mtu anayerudishiwa sufuria aliyoazima. Akanisomesha Alhamdu toka mwanzo mpaka mwisho, akaridhika, kisha akauliza, "Ehe, na hao mapadri wamekufundisha nini?" Nikaanza kumweleza mambo ya sauti na uhariri. Akanikatiza, "Hayo ya mashine. Nakuuliza wamekufundisha nini." Nikaenda kuosha vyombo.

Redio yetu ilikuwa na vyumba viwili, mlingoti mmoja, na mkurugenzi tuliyemwita Bosi, mtu mcheshi mwenye sauti nzito ambayo wanawake wa mjini waliipigia simu hata pale asipokuwa hewani. Alinipenda kwa sababu nilifika kazini mapema, na alinichoka kwa sababu nilichelewesha habari. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "wewe ukitumwa kununua chumvi utarudi na historia ya bahari."

Asubuhi ya siku ninayotaka kuieleza, nilimkuta Bosi amesimama katikati ya ofisi, simu iko sikioni na macho yanang'aa. Kuna sauti ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya simu tangu alfajiri. Alinisikilizisha. Mwanamke alikuwa analia kwa maumivu: "Mkono wangu jamani! Wafugaji wameniua mkono! Ng'ombe wamemaliza mahindi yangu, na mkono wangu wameuvunja!" Basi, ikakatika hapo. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba mkulima wa Kisanga amepigwa na wafugaji.

"Inakwenda hewani saa saba," alisema Bosi. "Wengine wameshairusha. Sisi ndio wenye wilaya, tutakuwa wa mwisho?"

Mtu asiyeishi kwetu inabidi aelewe kidogo. Huku wakulima na wafugaji wanagombea ardhi ile ile na maji yale yale, na zipo siku maneno yaligeuka fimbo na fimbo zikageuka makaburi. Sauti kama ile ikipita redioni, kwa lafudhi ya nyumbani, kwenye redio ambayo kila nyumba imeiwasha kungoja matangazo ya vifo, haiwi tena habari. Inakuwa njiti ya kiberiti.

Nilimwambia, "Bosi, tumemsikia mmoja. Na huyo mmoja hatujamuuliza kitu."

"Anasema kavunjwa mkono. Unataka umuulize kama unauma?"

"Nataka nijue nani kauvunja."

"Habari ikilala inachacha, mwanangu."

"Na ikipakuliwa mbichi inaumiza tumbo, Bosi."

Akacheka, na Bosi akicheka ujue umeshapita nusu ya njia. Nilipiga simu Kisanga kwa mwenyekiti wa kijiji. Alisema mgonjwa amekimbizwa kituo cha afya Mikumi, lakini yeye hakuwepo na hajui aliyempeleka. Akashusha sauti. Vijana wameanza kukusanyika kwenye kona ya duka, alisema, na familia ya mfugaji mwenye wale ng'ombe imehamisha mifugo. "Kama mna la kusema redioni, semeni vizuri," akaniomba. "Au msiseme kabisa."

Bosi alisikia, maana simu yangu ina mdomo mpana. Alikuna kidevu. "Taarifa ya saa kumi na mbili jioni," alisema. "Ikiwa haijafika, Jumamosi kipindi cha salamu ni chako."

Aliijua adhabu yangu. Kipindi cha salamu kinakula asubuhi nzima, mtu mmoja unasoma bila kupumua: namsalimu mke wangu, namsalimu shemeji, nawasalimu wote wanaonifahamu na wasionifahamu, ujumbe wao tuvumiliane. Afadhali ningesugua vyoo vya wavulana mwaka mzima kuliko kusoma salamu.

Nikapanda gari la kwenda Mikumi, nimeikumbatia mashine ya kurekodi kama mtoto mchanga, vumbi linaingia kwa kila tundu. Njiani nilijaribu kupanga maswali. Nitamuuliza nini mtu aliyevunjika mkono? Niliogopa pia. Je, kama ni kweli amepigwa? Ingebidi nirudi nayo hivyo hivyo, na kiberiti kiwake.

Kituoni muuguzi alikwenda kumuuliza mgonjwa kama ananikubali, akarudi akasema nipite. Chumba kilikuwa na vitanda vichache. Kwenye kitanda cha dirishani ameketi mama wa makamo, kitenge begani, mkono wa kulia umefungwa plasta. Pembeni yake, kwenye kitanda hicho hicho, ameketi mwanamke wa Kimasai mwenye shuka nyekundu na ushanga shingoni, anamnywesha maziwa kwa kikombe cha bati. Anamshikia kidevu kabisa, kama anavyoshikiwa mtoto.

Nilidhani nimeingia chumba sicho.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa redio?"

"Ndiye mimi. Namtafuta mama wa Kisanga aliyevunjika mkono."

"Mkono huu hapa. Kaa."

Nikamsalimia na yule mwingine, ambaye alionekana wa rika langu. "Habari za hapa, dada?"

"Nzuri," alijibu, na macho yake hayakutoka kwenye mashine yangu.

Nilieleza nilikotoka na kwa nini nimekuja, nikawasikilizisha ile sauti. Mama wa Kisanga alifunika uso kwa mkono mzima.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi kweli. Lakini nilikuwa nimelala mtaroni nalia! Shemeji yangu amefika, badala ya kuninyanyua ananirekodi. Mtu ukivunjika mkono utasema nini? Ungetaka niseme bismillahi tu ninyamaze?"

Akanisimulia. Ng'ombe waliingia shambani mapema asubuhi, mahindi yakiwa yameanza kubeba. Alitoka na mwiko mkononi, ugali ukiwa motoni, akawafukuza. Dume moja liligeuka ghafla, yeye akarudi nyuma, akatumbukia kwenye mtaro wa maji ya mvua na kuulalia mkono. Hakuna mtu aliyemgusa. Shemeji alikuja na simu yake, akaondoka mbio kuita watu. Aliyeteremka mtaroni alikuwa huyu dada, mke wa mwenye ng'ombe, ambaye boma lao liko ng'ambo ya korongo na alisikia kelele. Alimfunga mkono kwa shuka yake na kijiti, akamkokota mpaka barabarani, akasimamisha gari kwa kujiweka mbele yake.

"Dereva alitukana," alisema yule dada. "Mimi nikasema, tukana, lakini beba mama."

Wakaangua kicheko wote wawili, na mama wa Kisanga akasikika akisema aii, aii, kwa kuwa kicheko kilifika mkononi.

Niliwasha mashine. Mama wa Kisanga alikaa wima, akaitengeneza sauti. "Andika hivi. Ng'ombe wao wamekula mahindi yangu, na siyo mara ya kwanza. Hilo usilifute. Mnasikia hapo redioni? Msilifute. Na huyu mwenzangu ndiye aliyenitoa shimoni, shemeji yangu akiwa anacheza na simu. Na hilo msilifute."

Nikamgeukia yule dada. Kiswahili chake kilikwenda taratibu, kila neno likipimwa kabla halijatoka. "Ng'ombe zetu ziliingia. Mimi nakataa? Sikatai. Njia ya maji sasa imelimwa, ng'ombe itapita wapi, juu? Lakini kupiga mama, hapana. Mume wangu amekimbia na mifugo sababu ya hiyo sauti ya simu. Mimi niko hapa. Kama watu wanataka kunipiga, waje hapa, wapige mbele ya mama."

Nilizima mashine. Nikaipangusa vumbi.

"Wewe umesoma wapi?" mama wa Kisanga aliniuliza.

"Kwa mapadri, mama."

Aliniangalia hijabu, akamwangalia mwenzake, akaniangalia tena. "Na hawakukuvua ushungi?"

"Hawakunivua."

"Basi walikuwa wanakufundisha nini muda wote huo?"

Swali la bibi hilo, limenifuata mpaka Mikumi! Nikasema, "Walinifundisha kuja hapa." Lilitoka lenyewe. Aliona ni jibu la kutosha, akaomba maziwa yaliyobaki.

Sasa tatizo likawa mtandao. Simu yangu ilikuwa na dalili ya mtandao kama mgonjwa mwenye dalili ya kupona, na jua lilishaanza kuteremka. Nilimkumbuka rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja chuoni, ambaye ni mkuu wa mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii barabarani. Nilifika nimekuwa mwekundu wa vumbi, mlinzi akasita kunifungulia. Rafiki yangu aliniona kwa mbali akapiga ukelele usiofanana kabisa na hoteli ya watalii. Alinipa intaneti ya ofisini kwao na chai, na faili likaanza kupanda kwa mwendo wa konokono. Hatukuwa na la kufanya ila kuongea.

Kwa kazi yake, alisema, kila mgeni anauliza swali moja: kesho tutaona simba? Na hoteli zote humjibu ndiyo. "Mimi siku ya kwanza nilimwambia mgeni, simba hajaajiriwa na hifadhi, akijisikia atatokea. Meneja aliniita ofisini. Akasema nimekuja kumfukuzia wateja." Sasa, alisema, meneja mwenyewe hulitumia jibu hilo, kwa vile wageni wanaokosa simba hawarudi tena wamenuna. "Ujue siyo kwamba mimi ni mtakatifu. Nikidanganya mgeni nahisi yule padri ananiangalia na kofia yake ya pikipiki."

Nilimuuliza habari za kijana mmoja wa darasa letu, aliyekuwa mtumishi wa altare kanisani na kukaa mstari wa mbele. Akaguna. Kijana huyo siku hizi anaendesha ukurasa wa mtandaoni huko Morogoro, na ndio uliorusha ile sauti alfajiri kabla ya wote, tena kwa maneno aliyoongeza mwenyewe.

"Na yeye alisoma nasi," nilisema.

"Walitugawia shati moja sote," alijibu rafiki yangu. "Kila mtu amelifua kivyake."

Maneno hayo yalinipunguzia majivuno kidogo, maana njia nzima nilikuwa nikijiona mimi ndiye tunda la chuo.

Saa kumi na mbili faili lilikuwa bado halijafika. Mpishi wa hoteli alikuwa na redio jikoni, tukaingia kusikiliza. Taarifa ikaanza. Bosi alisoma hali ya hewa, akaisoma tena. Akasoma matokeo ya mpira, akaanza kuchambua mabao moja moja, yeye ambaye mpira haujui. Nilitambua ananingoja, nikamwombea dua. Ghafla alisita, akakohoa, akasema, "Sasa tuelekee Kisanga na Mikumi, ambako mwandishi wetu alikwenda kuwasikiliza wahusika wenyewe." Sauti ya mama wa Kisanga ikajaa jikoni. Hilo usilifute. Na hilo msilifute. Ikafuata ya yule dada. Hakuna kilichokatwa. Mpishi alisimama na kisu mkononi na nusu ya kitunguu, na kipande kilipokwisha alisema, "Kumbe."

Mwenyekiti wa kijiji alinipigia baadaye. Vijana kwenye kona ya duka nao walikuwa wamewasha redio. Baadhi walicheka waliposikia habari za shemeji na simu yake, na watu wakishacheka pamoja ni vigumu kuinua fimbo. Shemeji mwenyewe alitafutwa hakuonekana. Siku iliyofuata yule mfugaji alirudi na mifugo yake, akaanza na kituo cha afya kabla ya kufika nyumbani kwake.

Bosi hakunipongeza. Aliniambia saa kumi na mbili na robo siyo saa kumi na mbili, na Jumamosi nikasoma salamu, asubuhi nzima, mpaka koo likakauka. Nyingi zilikuwa za akina mama wa Kisanga na wa Mikumi wanaojulikana na wasiojulikana. Bibi alisikiliza toka mwanzo, na nilipofika nyumbani alisema nasoma mbio kama ninayefukuzwa. Kisha akanimenyea chungwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niote magego.

Baada ya mavuno kukaitishwa mkutano Kisanga wa kujadili njia ya mifugo kwenda mtoni. Nilikwenda kurekodi. Mvua ikatunyeshea tukahamia darasani, wakulima, wafugaji, diwani, watoto, wote tumebanana kwenye madawati ya darasa la pili. Mama wa Kisanga alizungumza kwa kirefu na mkono wake uliopona anaupunga hewani. Mfugaji, mtu mrefu ambaye magoti yake hayakuingia chini ya dawati, alizungumza kwa kifupi. Wakakubaliana njia ipite ukingo wa korongo na iwekwe alama. Watu wakapiga makofi, na mimi nikaanza kukunja nyaya.

Hapo nikamwona mzee mmoja mkulima anasimama, anavaa kofia yake na kutoka bila kuaga. Diwani akaninong'oneza nimwache, ni mtu wa kulalamika. Nilitazama nje. Alikuwa anakwenda kwa hatua ndefu kwenye matope. Nikachukua mashine nikamkimbilia, kandambili zikabaki nyuma, nikamfikia karibu na miembe ya shule nikihema.

"Shikamoo mzee. Samahani, nimeona umetoka."

"Marahaba," alisema bila kusimama. "Nimetoka. Hiyo njia yao inapita kwenye kipande changu mimi. Kuna aliyeniuliza?"

"Mimi nimekuja kukuuliza."

Akasimama. Akanitazama miguu iliyojaa tope, kisha mashine. "Inaandika hiyo?"

"Inaandika, mzee."

Alivua kofia, akaanza na habari za baba yake alivyokisafisha kile kipande kwa shoka, akaja kwenye mwaka wa mafuriko, akapita kwa wanawe. Aliongea mpaka betri ikaisha. Sikumwambia imeisha. Nilikaa pale kwenye tope nikaendelea kumsikiliza.